Nungwi au Paje: mapumziko ya wawili Unguja

Wenzi wanaotaka kupumzika ufukweni Unguja mara nyingi hujikuta wakichagua kati ya Nungwi, iliyo kwenye ncha ya kaskazini, na Paje, iliyo pwani ya kusini mashariki, na kinachozitofautisha hasa ni maji. Nungwi bahari haikupwi mbali, hivyo mtu huweza kuogelea karibu saa zote, na jioni hulitazama jua likizama baharini, si mbali na mafundi wanaounda majahazi kwa mikono. Kasoro yake ni msongamano wa wageni na muziki wa usiku.

Paje, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji hukupwa mamia ya mita na kuacha mchanga mweupe wenye safu za vijiti, ambako akina mama hufunga mwani kwenye kamba, kilimo kilichoshika kasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuogelea hutegemea maji kujaa. Hata hivyo, kwa wawili waliochoshwa na pilikapilika za mji, mimi naipendelea Paje, kwa sababu matembezi ya wakati wa maji kupwa ni marefu na msitu wa Jozani, wenye kima punju, uko jirani. Wasioweza kukaa bila kuogelea waende Nungwi.