Fundi wa viatu Gikomba aliyeziokoa spaiki zangu

Nakimbia mita 200, na niko mwaka wa tatu nikisoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi. Spaiki zangu, viatu vya mbio vyenye misumari chini ya soli, ni za mtumba, shilingi 2,800. Wiki mbili kabla ya mashindano ya vyuo, cha kushoto kilibanduka soli upande wa kidole kidogo. Anayekimbia 200 anajua: kwenye kona mwili wote unalalia ukingo ule.

Fundi wa kwanza, wa mtaani, alitia ile gundi ya tone inayoshika papo hapo. Nilifanya mazoezi mara mbili tu, ikapasuka. Ikikauka huwa ngumu kama kioo, na soli ya spaiki inapinda kila hatua.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja katika soko la Gikomba, Nairobi, mwenye mwavuli wa kijani. Nilifika saa kumi na moja na nusu, nimetoka maabara ya chuo, kampasi ya Chiromo, koti jeupe bado liko mkobani. Alikwangua gundi ya zamani yote, akasugua soli na kiatu kwa msasa mpaka vikachubuka, akafuta kwa petroli, akapaka gundi ya njano pande zote mbili. Kisha akaweka kando, akashika kiatu cha mtu mwingine! Nikamwambia nina mtihani asubuhi. Hakuinua hata kichwa: "Mwanangu, ikishika kidole bado haijaiva."

Aliigusa mara tatu, nne. Ilipoacha kunata ndipo akabana, akagonga nyundo kutoka katikati kwenda pembeni.

Nilimheshimu hapo hapo. Gundi ile ni mpira ulioyeyushwa. Kiyeyushi kisiporuka hewani kwanza hunaswa ndani, na soli haishiki vizuri. Mimi nimeyapata hayo darasani, yeye anayapima kwa kidole. Karibu saa nzima nilikaa kwenye benchi lake nikisoma noti za mtihani, na nilizielewa kuliko usiku uliotangulia.

Watu huniambia nichague, maabara au kiwanja. Mimi huwatajia Ferdinand Omanyala, mkimbiaji wetu wa mbio fupi: alisoma kemia chuoni kwetu, na tarehe 18 Septemba 2021 akakimbia mita 100 kwa 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika, sekunde 0.01 tu nyuma ya Mmarekani Trayvon Bromell aliyeshinda.

Nililipa 350. Kwa spaiki hizo hizo nilishinda fainali kwa 24.31, na tangu hapo nafanya mazoezi mara nne kwa wiki bila soli kufunguka hata upenyo wa kucha.

Mzee huyo hauzi misumari ya spaiki, kwa hiyo tafuta kwingine, na kwa njia ya mbio iliyotandikwa mpira isizidi milimita 9. Ing'oe nyumbani kabla ya kumpelekea kiatu, maana nyundo yake haibembelezi. Januari shule zikifunguliwa foleni ni ndefu mno. Na uwahi kabla ya saa kumi na mbili. Akishakunja mwavuli hapokei kiatu kingine.