Biti za mkia wa koni kwenye drili ya meza: ipi ununue kwanza, ipi uachane nayo

Kabla hujanunua kitu chochote chomoa plagi, shusha spindo (mhimili unaoizungusha biti) mpaka mwisho uifunge hapohapo, halafu izungushe kwa mkono huku unaangalia ubavuni. Kuna tundu refu jembamba kwenye gamba la nje na kuna jingine kwenye spindo yenyewe, ukizungusha yanafika mahali yanalingana na unaona mwanga upande wa pili. Ukiona mwanga una koni ya ndani, yaani tundu la kupokea mkia wa koni wa biti, endelea kusoma. Usipoona, basi chaki yako (kile kishikio chenye meno kinachobana biti) imevaa juu ya koni fupi inayochomoza nje, mara nyingi ya saizi B16 au JT33, na biti ya mkia wa koni haina pa kuingia hata uibembeleze vipi, wewe ruka mpaka chaguo la tatu.

Sasa namba. Toa chaki na mkia wake, pima mdomo wa tundu la koni chini ya spindo: karibu 18 mm ni MT2, ndo utakuta kwenye drili nyingi za nyumbani zenye tundu, 12 mm ni MT1, karibu 24 mm ni MT3. Hizi ni koni za Morse, zimekuwepo tangu karne ya 19, zinapungua takriban 1 mm kwa kila 20 mm, na huko kupungua kidogokidogo ndo kunafanya zing'ang'anie. Watu wengi wanadhani ule ulimi bapa wa juu ndo unazungusha biti, hapana bwana, kinachoshika ni msuguano wa koni nzima, ulimi kazi yake kubwa ni kupokea kabari (kipande bapa cha chuma unachopenyeza kwenye lile tundu refu la ubavuni) wakati wa kutoa.

Chaguo la kwanza kwangu, na halina mpinzani, ni biti yenye namba ileile ya spindo, inaingia moja kwa moja. Kwa MT2 hizo kwa kawaida ni za kuanzia 14 mm na kidogo mpaka 23 mm. Utamu wake ni kwamba chaki inatoka kabisa njiani, kwa hiyo biti haiyumbi, haitelezi, na ile nafasi iliyokuwa inaliwa na chaki unairudisha. Utaihitaji manake biti hizi ni ndefu, ya 20 mm ina urefu wa 238 mm, hebu simamisha hiyo juu ya jiliwa uone kinachobaki. Usinunue seti nzima, nunua mbili tatu za saizi unazotoboa kweli, na kabari juu yake, maana bila kabari utaanza kugonga na bisibisi na hapo unaua spindo.

Mi nilishaiua ya kwangu. Nilifuta mkia wa biti vizuri nikasahau kufuta ndani ya spindo, kulikuwa na oili na chembe za chuma, nikawasha, ikatoboa fresh tu mpaka ilipokuwa inatokea upande wa pili ikauma, koni ikazunguka ndani ya tundu, ulimi ukajipinda na tundu likachorwa mistari kama limelambwa na tupa. Toka siku hiyo hakuna biti iliyokaa sawa mpaka nikapitisha rima ya koni, kile chombo cha kukwangua tundu liwe laini. Kwa hiyo tambara safi ndani, tambara safi nje, weka ubao mezani kisha sukuma biti juu kwa pigo moja la mkono, na wakati wa kuitoa acha ubao hapohapo, biti ya saizi hiyo ikidondoka juu ya chuma ncha imekwenda, ikidondokea mguu we mwenyewe unajua.

La pili ni slivu ya kupunguza, yaani bomba la koni linalovishwa mkia mdogo uenee kwenye tundu kubwa, MT2 nje MT1 ndani, au MT3 nje MT2 ndani kama una mashine kubwa. Ni kitu kizuri ila kila koni unayoongeza inaongeza kuyumba kidogo, so chagua iliyosagwa ndani na nje. Kuijaribu ni rahisi, chora mistari ya makapeni kwenye mkia wa biti, ingiza, zungusha kidogo, toa. Wino ukifutika urefu wote ni nzuri, ukifutika mwisho mmoja tu irudishe.

La tatu ni biti kubwa yenye mkia mwembamba ulionyooka wa 13 mm, kwa wenzangu wasio na tundu. Inateleza kwenye chaki ukiisukuma sana, lakini kwa bamba la wastani inatosha, toboa tundu dogo kwanza.

La mwisho kabisa ni slivu ya kupandisha, MT2 kwenda MT3, ya kuweka biti ya MT3 kwenye spindo ya MT2. Inakula urefu, na biti za MT3 ni za 23 mm kwenda juu. Hata 20 mm tu kwenye chuma laini inataka mizunguko kama 400 kwa dakika, na mashine ndogo nyingi hata mkanda ukiuweka kwenye puli ya taratibu kuliko zote bado zinakimbia kuliko hapo. Utachoma biti bure.

Ukinunua zilizotumika angalia ulimi haujapinda na mkia hauna vinundu, vidogo unaviondoa kwa jiwe la kunolea, mkia ukishachubuka mduara mzima achana nao. Na ukikuta mkia wa MT2 una tundu la nyuzi badala ya ulimi, hiyo ni ya mashine ya kufrezi (inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka), inavutwa na boliti kutoka juu. Kwenye drili hakuna boliti hiyo, ukikisukuma kisu kwa ubavu koni inalegea kinashuka chenyewe huku kinazunguka.