Mashua ya siku moja kwenda Manda Toto: nauli yake, samaki wake na bahashishi yake

Kati ya huduma zote wanazouziwa wageni kwenye gati ya Lamu, hii ya kutwa nzima Manda Toto, kisiwa kidogo kando ya kisiwa cha Manda, ndiyo inayostahili pesa zake. Ukipata mashua yenye tanga zima na nahodha asiyekimbilia mashine, hutajuta. Kabla ya kupanda, hesabu jaketi za kuokolea: ziwe sawa na idadi ya vichwa, na za watoto ziwe ndogo kweli.

Chakula ndicho kinachoinua safari hii. Jiko ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, makaa juu yake, likawekwa mahali pasipopigwa na upepo. Samaki aina ya changu hupasuliwa mgongoni, akapakwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, akachomwa taratibu huku akigeuzwa mara moja tu ili asivunjike. Wali wa nazi na kachumbari hufuata. Mpishi akiwasha moto mkubwa kwa haraka, ngozi huungua na nyama ikabaki mbichi kwenye mfupa.

Saa ya kuondoka aachiwe nahodha. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, unataka maji yaliyojaa, na kutoka kujaa hadi kupwa ni muda wa kama saa sita. Mgeni anayeng'ang'ania kuondoka saa tatu kwa sababu ndivyo alivyozoea atakwama mikokoni mpaka maji yarudi.

Sasa bahashishi, maana hapo ndipo safari nyingi nzuri huharibika. Neno hili asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kitu cha hiari, juu ya malipo yaliyokubaliwa, baada ya kazi kwisha. Nauli ni haki ya chombo, wala bahashishi si pengo la kuizibia. Motisha ni jambo jingine: hutajwa mapema ili mtu aongeze bidii. Ukisema “mkitupeleka kwa tanga mpaka mwisho nitawaongeza mia tano,” hiyo ni motisha, na ni nzuri. Lakini ukiahidi pesa wakikuonyesha pomboo, umewatuma wawafukuze kwa mashine. Ukiahidi pesa wakikusogeza karibu na samaki, nanga itatupwa juu ya matumbawe. Watu hufanya kile kilichotajiwa bei. Tuzo nayo ni ya hadharani, kama anavyotuzwa mwimbaji wa taarabu mbele za watu. “Ya chai” itumie kwa uangalifu: kwa baharia ni shukrani ndogo, lakini kwenye meza ya ofisi ni hongo.

Kiasi? Asilimia kumi ya nauli haimwaibishi mtu. Mkikubaliana 12,000, toeni 1,200; mabaharia watatu, kila mmoja 400. Bebeni noti ndogo, kwa kuwa baharini hakuna wa kuvunja elfu. M-Pesa inafaa kwa nauli. Kwa bahashishi huishia kwenye simu ya mmoja, na mpishi aliyeinamia moshi mchana kutwa akarudi mikono mitupu. Dawa yake ni kusema kwa sauti wakati wa kutoa: “Nahodha, shukrani sana, hii ni yenu nyote watatu.” Kamisheni ya dalali wa gatini haihesabiki hapa. Ile hukatwa ndani ya bei, na baharia haioni. Kwa hiyo patana na nahodha mwenyewe ukiweza, uulize samaki, maji ya kunywa na miwani ya kuogelea vimo ndani ya bei au la.

Nenda wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yakiwa maangavu. Upepo wa kusi ukishika, chini huwa tope tupu huoni kitu. Wakati huo mwambie nahodha akupeleke kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, maji yakijaa.