Kipimo cha masikio mawili kwa pamoja: huduma ya kliniki moja ya Kampala

Duka langu la vipuri liko Kisekka, soko la Kampala ambako nyundo na injini hazinyamazi mchana kutwa. Nilipoanza kuwauliza wateja jambo moja mara tatu, nilikwenda kwenye kliniki moja ya masikio hapa Kampala, ambayo sitaitaja jina.

Kipimo cha kwanza kilifanywa kwa uangalifu, lakini hakikugusa shida yangu. Niliketi katika chumba kisichopitisha kelele, nikavaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila niliposikia mlio, kuanzia milio mizito ya hezi 250 hadi myembamba ya hezi 8,000, sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto. Nikalipa shilingi 80,000 na kuambiwa kwamba masikio yangu ni mazima, habari ambayo majirani zangu wa dukani waliipokea kwa kicheko.

Niliporudi kulalamika, mtaalamu hakunipuuza. Alinieleza kwamba penye ukimya masikio mawili hulizidi sikio moja kwa takriban desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali penye kelele ubongo hulinganisha yanayofika pande zote mbili na kuipambanua sauti isiyofanana na kelele hiyo. Kisha akanionyesha. Alipiga mlio wa hezi 500 katika sikio la kulia, akaufunika kwa mvumo hadi ukapotea. Halafu akapeleka mvumo uleule katika sikio la kushoto, bila mlio, nao mlio ukaibuka tena. Kwamba mtu huongezewa kelele akasikia zaidi, nisingeliamini kwa kusimuliwa. Watafiti wa Marekani Ira Hirsh na J. C. R. Licklider waliandika kuhusu nafuu ya aina hii, yaani kusikia vizuri zaidi penye kelele kwa msaada wa sikio la pili, mwaka 1948. Mlio mzito ukipigwa pamoja na mvumo katika masikio yote mawili, na wimbi la mlio huo likageuzwa juu chini katika sikio moja, nafuu inaweza kufika desibeli 15, ila kwa milio ya juu hupungua sana.

Nafuu yangu ilipopimwa ilikuwa ndogo mno, nami nikaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kasoro yao ni kwamba kipimo hiki hakimo katika orodha ya bei iliyobandikwa mapokezi, na mimi nimelipa mara mbili ili kukifikia. Mwenye shida ya kusikia penye kelele akiombe mwenyewe, kabla ya kuingia kile chumba cha ukimya.