Hoi An na watoto: subirini likizo ya Aprili

Familia nyingi za Nairobi huweka safari ndefu Novemba na Desemba, shule zikifungwa. Kwa Hoi An, mji wa kale wa biashara kando ya Mto Thu Bon, katikati ya Vietnam, huo ndio msimu mbaya kuliko yote. Mji uko bondeni karibu na mlango wa mto, na milima ya magharibi huteremsha maji kwa kasi. Oktoba na Novemba barabara ya Bach Dang hugeuka njia ya mitumbwi. Katika nyumba ya kale ya Tan Ky, mtaa wa Nguyen Thai Hoc, ukuta una alama za mafuriko ya miaka mbalimbali; ile ya 1964 imempita mtu mzima kimo. Baadhi ya nyumba zina tundu darini la kupandishia shehena, mali ya wafanyabiashara isilowe. Agosti ni kavu, ila jua lake ni kali kwa mtoto mdogo. Aprili ndiyo yenyewe.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Anayeijua Lamu atapenda kulinganisha: kule mawe ya matumbawe na milango ya nakshi, huku mbao nyeusi, kuta za manjano na vigae vilivyoota kuvu. Mitaa ni tambarare, na saa za matembezi pikipiki huzuiwa, kwa hiyo kigari cha mtoto kinapita bila taabu. Nyota ya tano imepotea jioni: kuanzia saa kumi na mbili kando ya mto hapapitiki, hasa usiku wa tarehe 14 ya mwezi mwandamo, taa zinapozimwa na mishumaa kuachwa ielee majini. Saa moja asubuhi mji ni wenu. Shida ni kwamba Vietnam imetutangulia kwa saa nne, na watoto watalala mpaka karibu saa sita mchana siku ya kwanza. Lipieni usiku tatu, msiende kwa siku moja kutoka Da Nang, jiji jirani.

Viza huombwa mtandaoni kwa dola 25, na kila mtoto ana yake. Andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Jina la kati likiachwa, mnaweza kukwama mapema. Uwanja wa ndege uko Da Nang, kilomita 30 hivi; reli haifiki Hoi An.

Tiketi ya mji wa kale ni dong (fedha ya Vietnam) 120,000 kwa mgeni, kama shilingi 600. Hesabu rahisi: gawanya dong kwa 200. Noti ya 20,000, yenye picha ya daraja la Wajapani la humu mjini, ni ya buluu, na ya 500,000 inakaribia rangi hiyo. Ukizichanganya gizani umepoteza zaidi ya shilingi 2,000.

Mafundi wa nguo ndio sababu ya wengi kwenda, na ndipo wengi huumia. Maduka mengi hupokea oda tu. Ushonaji hufanyika karakana nyingine, kila marekebisho husafiri kwa pikipiki. Pimwa siku ya kwanza, jaribu ya pili, rudi ya tatu. Toa arubuni, umalizie nguo ikishakaa mwilini. Omba uzi wa kitambaa uuchome: sufu hunuka nywele na majivu yake husagika, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kwa mtoto, dai sentimita tano za ziada kwenye pindo la suruali, maana mafundi hukata ziada yote ili mshono upendeze.

Chakula: cao lau, tambi nene maarufu za hapa, huja na nyama ya nguruwe. Familia ya Kiislamu iulizie com ga, wali wa kuku, na iulize pia kuhusu mafuta ya kupikia. Mwenye mzio wa karanga aandikiwe onyo kwa Kivietnamu, kwa sababu karanga zilizosagwa hunyunyizwa juu ya vyakula vingi dakika ya mwisho, bila kutajwa kwenye menyu.