Tahadhari: Anayejiita fundi wa fokasi za kamera za mbao, Moshi na Arusha

Ninawatahadharisha wenye kamera za mbao za miguu mitatu, hasa waliorithi studio za zamani, kuhusu mtu anayezunguka Moshi na Arusha akijitambulisha kuwa fundi wa mitambo ya fokasi, yaani ile inayosogeza lenzi mbele na nyuma ili picha iwe kali. Hupokea malipo ya awali kwa simu, huondoka na kamera, kisha huirudisha ikizunguka laini ajabu, na ulaini huo haudumu. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri limeshafikishwa polisi. Ninaeleza namna anavyofanya kazi, maana hiyo inatosha kumtambua.

Wateja wengi huwapata wakati wa masika. Mbao hunywa unyevu na kufura, vitelezi vya kitanda cha kamera, ule ubao wa chini unaobeba sehemu ya lenzi, hubana katika njia zake, na mwenye kamera akiona kifundo cha fokasi kinazunguka kwa shida hudhani gia zimekwisha, ilhali mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kamera ikiwekwa mahali pakavu penye hewa, mbali na jua na jiko, mbao hunywea polepole, na vitelezi vikisuguliwa kwa mshumaa mkavu kazi imekwisha. Yeye hupiga msasa vitelezi hivyo mpaka viteleze. Kiangazi kinapofika na mbao kunywea, sehemu ya mbele yenye lenzi hubaki ikiyumba kushoto na kulia, na mbao iliyokwisha kusagwa hairudi.

Meno ya shaba ya reli na gia za fokasi huyajaza grisi. Vumbi letu, na aliyewahi kupita Boma Ng'ombe wakati wa kiangazi analijua, hunasa humo na kugeuka tope linalosaga meno kila kifundo kinapozungushwa. Meno yanatakiwa yawe makavu, yasafishwe kwa brashi laini. Tone dogo la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano, ni la shafti ndani ya bushi yake tu. Grisi ikifika kwenye skrubu ya kukazia, kamera haishiki tena: unafokasi vizuri, unaingiza kasha la filamu, na lenzi inasogea bila wewe kujua. Kwa lenzi ya milimita 150 iliyofunguliwa kwa tundu la f/5.6, kwenye filamu ya inchi 4 kwa 5, kusogea milimita moja kunatosha kupoteza ukali wa picha. Mbao nazo yeye huzisafisha kwa spiriti, ambayo huyeyusha vanishi ya shelaki.

Hayo mtu angeweza kuyaita uzembe. Wizi ni pale anapong'oa gia na vifundo vya asili na kuweka vya chuma au aluminiamu vilivyopakwa rangi ya dhahabu, akivitoza kama spea halisi mpya kutoka Uingereza. Kiwanda cha Thornton-Pickard cha Altrincham, ambacho hupenda kukitaja, kilikoma kutengeneza kamera miongo mingi iliyopita, kwa hiyo hakuna stoo ya kiwanda inayomletea spea mpya. Sumaku ndogo itakuonyesha chuma, kwa kuwa haishiki shaba. Aluminiamu utaitambua kwa wepesi wake na weupe unaotokea ukiikwaruza kidogo mahali pasipoonekana.

Kabla ya kumkabidhi fundi yeyote kamera, piga picha reli zote mbili, gia, vifundo na vichwa vya skrubu, umwandikishe kwa saini kwamba kila kilichong'olewa kitarudishwa hata kama kimeharibika. Siku ya kuipokea usiridhike kuzungusha kifundo tu. Vifundo vya kuinua na kuinamisha lenzi vikiwa katika nafasi ya katikati, pima kwa rula umbali kati ya mbele na nyuma ya kamera, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, huenda reli moja imefungwa ikiwa imeruka jino. Kisha bandika gazeti ukutani, ulielekee moja kwa moja, ufokasi, ukague maandishi katika pembe zote nne za kioo cha ukungu, kile cha nyuma ya kamera kinachoonyesha picha. Mwisho kaza skrubu, inamisha kamera ielekee chini, uguse kasha la filamu. Lenzi ikisogea, usimalizie malipo.

Waliokwisha kumpa kamera na bado hawajarudishiwa wachukue ujumbe wa malipo wa simu na picha za kamera zao, waende kituo cha polisi kilicho karibu kufungua taarifa.