KSTO, redio ya wanafunzi wa St. Olaf

Naipa KSTO nyota nne. Inaendeshwa na wanafunzi wa St. Olaf, chuo cha Kilutheri mjini Northfield, Minnesota, na kila mtangazaji anakuja na ladha yake: saa hii jazi, saa ijayo roki. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ratiba hubadilika kila muhula. Ukishazoea kipindi, kimeondoka.

Uhai huo chuoni hapo una mizizi. Mwaka 1918 wanafunzi wa fizikia walianza majaribio ya redio yaliyozaa WCAL, redio ya chuo hicho, ikapata leseni 1922, na wasikilizaji wakaibeba kwa michango yao. Mwaka 2004 iliuzwa kwa Minnesota Public Radio. Bado inaniuma. Isikilizeni KSTO, inapatikana kwenye intaneti.